Maji Mabichi

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2093, saa tatu na robo asubuhi. Ukungu ulikuwa umeilalia migomba ya Tukuyu kama mgeni asiye na safari, na mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, haizidi wala haipungui. Mzee Ambokile Mwalwisi, mhandisi mstaafu wa maji na mwenyekiti wa Umoja wa Walezi wa Samaki, alisimama sebuleni mbele ya tangi la kioo, viatu vinang'aa, shati limechomekewa, mikono nyuma, akifanya ukaguzi.

Alikagua kila Jumamosi. Alikuwa amelelewa katika shule ya bweni ya wavulana, kule kwenye baridi ya nyanda za juu, ambako kitanda kilichotandikwa ovyo kilipinduliwa mbele ya macho ya mwenyewe, na sanduku lenye vumbi lilimwagwa uwanjani. Shule ile ilikuwa imefungwa siku nyingi na paa lake kuota nyasi, lakini Jumamosi zake hazikuwahi kumtoka mwilini. Aliamini, bila kuona haya, kwamba dunia ingekuwa mahali pema zaidi kama kila mtu angepitia bwenini walau miaka minne.

Tangi lilifaulu ukaguzi. Kioo hakikuwa na alama ya kidole. Mchanga ulikuwa umesawazishwa kwa rula. Mawe yaliyoletwa kutoka ziwani yalikuwa yamesuguliwa kwa mswaki hadi yakasahau yalikotoka. Kilichokosekana ni samaki, na hao hawakutakiwa kuingia mpaka kifaa kidogo kilichobandikwa ukingoni mwa kioo, ulimi wake wa shaba ukiwa majini, kitoe ruhusa. Walezi walikiita Kionja, kwa kuwa kilionja maji na kutamka kama yameiva kwa samaki au bado ni mabichi.

"Kionja. Ripoti."

"Amonia ipo," kilisema Kionja kwa sauti yake isiyo na haraka. "Nitriti haipo. Nitrati haipo. Maji mabichi."

"Rudia."

"Maji mabichi. Nimeonja mara ya pili kwa heshima yako tu, Mzee."

Ambokile alikunja uso. Wiki ya sita hiyo, na jibu halijabadilika. Alikuwa amesoma kila kilichoandikwa na kukifuata kama amri ya gwaride. Alikuwa bado anakitazama Kionja kwa jicho la kutaka maelezo ya maandishi, gari lilipoguruma nje.

Atuganile, ofisa wa Hifadhi ya Ziwa, aliingia akiwa amekumbatia sanduku la plastiki kifuani, maji ya mvua yakimtiririka kwenye kofia. Alikuwa mama wa makamo, mwenye kicheko cha karibu, na miongoni mwa watu wachache wasiomwogopa mwenyekiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umechelewa robo saa."

"Nisamehe. Barabara ya Kyela ni tope tupu, na huyu mama hapendi matuta. Kila nikiongeza mwendo ananitazama vibaya."

Aliliweka sanduku mezani na kufungua kifuniko. Ndani, katika maji ya ziwa, alielea samaki mmoja wa urefu wa kidole cha kati, wa buluu iliyokolea, mstari wa manjano ukimpita mgongoni. Mashavu yake yalikuwa yamefura kama ya mtoto aliyekataa kumeza dawa.

"Ana watoto mdomoni," Atuganile alisema. "Wameshaanguliwa, bado anawabeba. Hajala kitu tangu aweke mayai. Ukikohoa karibu yake anaweza kuwatema wote."

Ambokile aliinama. Wanachama wa Umoja, waliokuwa wakimwita Nondo pindi anapowapa kisogo, hawangeamini uso alioupata samaki yule. Ulilainika wote, kuanzia paji hadi kidevu.

"Karibu nyumbani, mama," alinong'ona. Kisha akakumbuka kwamba hayuko peke yake, akakohoa, akashtuka kwa kukohoa, akajiziba mdomo kwa kitambaa.

Atuganile aliuficha mcheko wake. Lakini alipokigeukia Kionja na kusikia jibu lake, mcheko ulimwisha.

"Mzee. Uliniambia kwenye simu maji yako yataiva kabla sijatoka Kyela."

"Yangepaswa kuiva."

"Mlezi wake wa Kyela kalazwa, tangi lake limeshazimwa. Sina pa kumrudisha. Sanduku hili linamtosha mpaka saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo ataanza kupumua uchafu wake mwenyewe." Aliingiza mkono katika mkoba wa kazi, akatoa chupa nyembamba yenye kifuniko cha fedha. "Maji yakiwa bado mabichi saa hiyo, kanuni inaniamuru nifungue hii."

Hakuhitaji kumweleza ni nini. Kila mlezi aliifahamu ile chupa. Ndani yake mlikuwa na bakteria waliotengenezwa na watu, wasiochoka wala kulala. Tone moja, na kabla chai haijapoa maji huwa yameiva. Matangi yote ya mji ule yaliyokwisha kuiva, isipokuwa moja, yalikuwa yameanzishwa nayo, enzi ambazo hakuna aliyeuliza maswali. Ila bakteria wale waling'ang'ania mashavu ya samaki, wakaingia kwa watoto wake na kwa wajukuu, na hakuna dawa iliyowatoa. Na ziwa lilikuwa linapozwa. Mwaka baada ya mwaka mitambo ya Matema ilivuta maji baridi kutoka kilindini na kuyaleta kwenye miamba ambayo joto lilikuwa limeifukuzia samaki wake, na siku ya Rejesho, ya kuwarudisha samaki ziwani, ilikuwa ikikaribia. Siku hiyo samaki wa chupa asingeruhusiwa kugusa ziwa hata kwa ncha ya mkia, kwa kuwa hakuna aliyejua viumbe wasiochoka wangefanya nini ndani ya ziwa zima.

"Ataishi," Atuganile alisema taratibu, kana kwamba anamsomea mawazo. "Ataishi vizuri hapa, atazeeka, watoto wake watazeeka. Watakuwa wa sebuleni, basi."

"Watakuwa wakimbizi wa kudumu."

"Samaki mwenye watoto mdomoni hafikirii ziwa, Mzee. Anafikiria kupumua."

Ambokile aligeukia tangi, akafuta kwenye kioo alama ambayo haikuwepo.

"Hebu nieleze," Atuganile aliendelea, akilizunguka tangi. "Ulianza na nini?"

"Unga wa dagaa, kama inavyoagizwa. Unaoza, unatoa amonia. Bakteria wa kwanza wanaila amonia na kuacha nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili wanaila nitriti na kuacha nitrati, ambayo samaki anaivumilia. Hakuna anayewaleta, wanakuja wenyewe, pole pole, wakipewa chakula na mahali pa kukaa. Ninaweza kulifundisha hilo somo, Atuganile."

"Sina shaka. Na mahali pao pa kukaa ni wapi?"

"Si ndani ya maji. Wanashika makao kwenye sponji ya..."

Kichwa chake kiligeuka chenyewe kuelekea dirishani, na cha Atuganile kikafuata. Barazani, kwenye kamba ya nguo, katikati ya soksi mbili za kijivu, sponji ya chujio ilining'inia kwa vibanio viwili, nyeupe kama siku ilipotoka dukani.

Mvua iliendelea kunyesha.

"Unaifua?" aliuliza Atuganile.

"Kila Jumamosi."

"Kwa maji gani?"

"Ya bomba." Sauti yake ilikuwa imeshuka, lakini ukweli ni ukweli na yeye hakuwahi kuukwepa. "Yana klorini ya kutosha kuua chochote. Mtambo wa klorini wa mji huu niliusanifu mimi."

Atuganile aliketi kitini, akafunika uso kwa kofia, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ambokile alisubiri amalize. Kila Jumamosi, kwa muda wa wiki sita, vijidudu wale walikuwa wametandika vitanda vyao, na kila Jumamosi kiranja alikuwa ameingia na kuwamwagia sumu kwa kosa la kuonekana.

* * *

Tangi pekee lililoiva bila chupa lilikuwa la Gwakisa, na sponji yake ndiyo pekee yenye bakteria wa asili wa kuazima.

Gwakisa Mwandobo, hakimu mstaafu, aliishi ng'ambo ya bonde dogo, katika nyumba ambayo magunia ya kahawa, vitabu na buti za mvua viligombea kiti kimoja. Walisoma pamoja. Ambokile alikuwa kidato cha pili, kiranja wa bweni, usiku Gwakisa alipofika na sanduku la bati bila blanketi, la kwake likiwa limeibwa stendi. Kijana yule alijikunja juu ya godoro na kutetemeka hadi kitanda kikapiga kelele. Kiranja aliamka, akatoa wembe wa kuchongea penseli, akalikata blanketi lake katikati, akamtupia nusu. Kesho yake alifyekeshwa majani wiki nzima kwa kuharibu mali, na hakusema kwa nini.

Tangu siku ile Gwakisa alikuwa akijaribu kulipa. Alileta blanketi la sufu siku ya harusi ya Ambokile; likarudishwa. Alileta jingine lenye picha ya simba, siku alipoapishwa uhakimu, likarudishwa. "Ulipewa nusu," Ambokile alimwambia kila mara, kidole juu. "Na nusu niliyoihitaji mwenyewe. Usiniletee zima ulilolinunua dukani ukasema tumelipana." Hakimu hakuwa amewahi kushindwa kesi yenye hoja nyepesi kama ile, wala kuifurahia kiasi kile.

Ila Jumamosi iliyopita mzaha ulikuwa umepungua. Mwenyekiti alilikagua tangi la Gwakisa mbele ya wanachama, akatamka kwamba ni aibu ya Umoja: kioo kimeota kijani, sponji imekuwa kama tope. Aliagiza ioshwe kabla ya Jumamosi nyingine, ama kibali cha ulezi kirudishwe.

Leo ndiyo ilikuwa Jumamosi nyingine. Ambokile alivuka bonde akiwa na ndoo mkononi, suruali imekunjwa, na alipokuwa akipanda mteremko wa pili alitambua kwamba anasali ili amri yake iwe imedharauliwa. Hakuwahi kuomba jambo kama hilo maishani.

Njiani chupa ilimfuata akilini, na ilizungumza kwa adabu. Ingemwokoa na safari hii. Hakuna mwanachama ambaye angejua. Samaki angekuwa salama kabla ya chakula cha mchana, na Atuganile angerudi Matema bila kisa cha kusimulia. Lakini kila alipolipima, alikuta kwamba anayeokolewa kwa hakika ni yeye. Samaki angelipa kwa ziwa lake ili Ambokile Mwalwisi asigonge mlango wa mtu. Na upande wa pili wa mizani haukuwa mwepesi vilevile: kama sponji haipo, au ikishindwa, saa zote hizi ni pumzi za yule mama, na hakuna aliyemwuliza kama yuko radhi kuzichezea.

Gwakisa alimpokea mlangoni, sweta limetoboka kiwikoni.

"Kiranja! Na ndoo? Karibu, karibu. Kwa kawaida mshtakiwa ndiye anayekuja na vyombo vyake."

"Ugonile, Gwakisa," Ambokile alisalimia kwa lugha ya nyumbani.

"Ndaga. Umekuja kukagua?"

"Nimekuja kuuliza." Ambokile alisimama wima kwenye kizingiti, maji yakimchuruzika kwenye masikio. "Ile sponji. Umeiosha?"

Gwakisa alimtazama kwa utulivu ule aliokuwa akiutumia kabla ya hukumu.

"Uliniamuru mbele ya watu."

"Nilikuamuru."

"Ukasema kibali kitachukuliwa."

"Nilisema. Gwakisa, umeiosha?"

"Nimeosha," alisema Gwakisa, na Ambokile akaiweka ndoo chini. "Nimeosha kioo. Upande wa nje. Ndani sikugusa kitu, kwa sababu wewe ni rafiki yangu na wakati mwingine ni mpumbavu."

Ambokile aliiokota ndoo yake, akaingia ndani.

Alieleza yote, kwa mpangilio, bila kujitetea: samaki, sanduku, saa kumi na mbili, chupa, kamba ya nguo. Alipofika kwenye vibanio, Gwakisa aligeuka kutazama ukuta, na sweta lake likatikisika kama alivyotikisika Atuganile. Ambokile alimngoja naye amalize. Ilikuwa siku ya kuwangoja watu wamalize.

"Agizo langu la Jumamosi iliyopita limefutwa," alisema hatimaye. "Nitalifuta mbele ya watu walewale."

"Naam. Mahakama imesikia. Sasa omba."

"Nimeshaeleza."

"Umeeleza vizuri sana. Hujaomba. Tangu utotoni hujawahi kuniomba hata sindano."

Maji yalitiririka bombani mahali fulani ndani ya nyumba. Ambokile alimwona akilini samaki yule na mashavu yake, amebeba kila alichonacho kinywani na kukataa kukiachia.

"Naomba kipande cha sponji yako, Gwakisa," alisema. "Tafadhali."

Tangi la Gwakisa lilikuwa la kijani kiasi kwamba hukuwaona samaki mpaka wao wakuone kwanza. Hakimu alikunja mkono wa sweta, akazamisha mkono hadi begani, akainua sponji ya rangi ya kahawia iliyokolea, yenye utelezi, ikitoa harufu ya udongo ulionyeshewa. Ilianzishwa miaka mingi nyuma kwa tope la miamba ya Matema, na haikuwahi kuonja klorini.

"Kipande kidogo hakitafaa," alisema. "Mpaka jioni unahitaji jeshi, siyo askari wawili. Chukua nusu."

"Na samaki wako?"

"Watafunga siku kadhaa. Wasipokula hawatachafua, na nusu itakayobaki itawatosha kwa shida." Alisema "kwa shida" bila kuipamba. "Huenda nikapoteza mmoja. Huenda nisipoteze."

"Basi sichukui nusu."

"Utachukua. Kata mwenyewe." Gwakisa alivuta droo, akatoa wembe. "Wewe ndiye mzoefu."

Ambokile aliupokea. Wembe ulipita katikati, sawasawa, na maji ya kahawia yakamtiririkia kwenye mikono ya shati jeupe. Hakuyafuta.

* * *

Waliibeba katika maji ya tangi lilelile, ndoo ikiwa katikati yao, kila mmoja kashika upande. Atuganile alikuwa ameshatoa maji ya bomba yaliyobaki na kuweka ya ziwa aliyokuja nayo kwenye gari, ingawa kwa kanuni hata hayo ni mabichi mpaka bakteria washike makao. Sponji iliingia katika chujio, pampu ikaanza kunguruma, na wingu la tope likatanda juu ya mchanga uliosawazishwa kwa rula. Gwakisa alimwangalia Ambokile, akaona shingo ikimkakamaa.

"Kaza moyo, Kiranja."

"Niko sawa."

Atuganile alidondosha amonia kidogo ya majaribio, kiasi ambacho samaki mmoja angekitoa kwa siku. Ikiliwa yote, na nitriti nayo ikaliwa, tangi lina wenyeji. Kisha hapakuwa na la kufanya ila kusubiri. Walikula viazi vikuu na chai. Wazee wawili walibishana juu ya nani aliyevunja kengele ya shule. Mara kwa mara Ambokile aliinuka na kwenda kwenye sanduku, akainama bila kupumua, akarudi.

Saa tisa Kionja kilisema: "Amonia inashuka. Nitriti inapanda. Maji mabichi."

Saa kumi na nusu kilisema hivyohivyo, na mama samaki alianza kupumua kwa haraka. Atuganile aliitoa chupa, akaiweka mezani, si kwa kutisha, kwa kujiandaa tu.

"Mzee," alisema. "Akianza kuegemea upande mmoja, sitangoja saa kumi na mbili."

Gwakisa alikuwa akimtazama rafiki yake. Hapo ndipo Ambokile alipoelewa kwamba msimamo aliopanda nao mlima asubuhi ulikuwa rahisi, kwa kuwa wakati ule samaki alikuwa mzima.

"Usingoje," alisema. "Akiegemea, fungua. Ziwa ni lake, lakini na pumzi ni yake. Sitamwacha afe kwa heshima yangu."

Alivuta kiti, akakaa mbele ya sanduku, uso wake ukiwa sawa na wa samaki, na hakuinuka tena. Mama yule aliyumba, akajirekebisha. Aliyumba tena, akajirekebisha. Mkono wa Atuganile ulikuwa juu ya kifuniko cha fedha.

Mwanga wa nje ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu Kionja kilipozungumza bila kuulizwa.

"Amonia haipo. Nitriti haipo. Nitrati ipo kidogo." Kikatulia, na Ambokile angeapa kwamba kilifanya makusudi. "Maji yameiva."

Atuganile alimchota samaki kwa kikombe, akakiinamisha taratibu ndani ya tangi. Mama yule alishuka hadi chini, akapita katika tope la Gwakisa kama aliyelikumbuka, akaingia kivulini mwa jiwe. Pumzi zake zilipungua kasi. Baada ya muda alipanua kinywa, na kichwa kimoja, kidogo kuliko punje ya mtama, kikachungulia nje, kikatazama sebule ya mhandisi, kikarudi ndani.

Hakuna aliyekohoa.

"Basi, Kiranja," alisema Gwakisa kwa sauti ya chini. "Nusu. Tena nusu ninayoihitaji mwenyewe."

Ambokile alielewa mara moja. Aliitafuta hoja, kwa mazoea: kwamba sponji si blanketi, kwamba hii amepewa samaki, hakupewa yeye, kwamba yeye ndiye aliyeshika wembe mara zote mbili. Zilikuwa hoja nzuri, na yoyote kati ya hizo ingewafikisha kaburini wakiwa wanadaiana. Aliziacha zipite.

Alisimama, akachomekea upya shati lake lenye madoa ya kahawia, akaweka mikono nyuma kama wakati wa kuita majina.

"Gwakisa Mwandobo."

"Nipo."

"Nusu blanketi, iliyotolewa bwenini usiku wa baridi. Imelipwa yote. Sikudai kitu tena."